Kiingereza Kinachochacha

Vyuo vikuu vya Marekani vinastahili pongezi kwa uangalifu wao. Mhitimu wa saikolojia wa Dar es Salaam, aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, mara nyingi hutakiwa alipie mtihani wa TOEFL ili athibitishe kwamba anakijua. Matokeo hudumu miaka 2. Baada ya hapo Kiingereza huchacha kama maziwa ya juzi, na hakuna budi kununua kingine.

Fedha nazo zina malezi mema. Ufadhili wa GRFP, unaotolewa na NSF, shirika la sayansi la Marekani, kwa watafiti chipukizi, hautoki nje ya raia na wakazi wa kudumu, mithili ya mwari aliyewekwa ndani. Nani amlaumu?

Mwaka 2010 watafiti Henrich, Heine na Norenzayan walikumbusha kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa katika majarida makubwa ya saikolojia walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, makazi ya asilimia 12 tu ya walimwengu. Wasomi wengi wakaitikia: watu wa kwingineko wanahitajika mno! Wanahitajika kweli. Wakae tu kwao watulie, dodoso litawafuata.