Malkia Alipovimba Ubavu wa Kushoto

Wewe mwenye mke, watoto na ng'ombe mmoja wa gredi, sogea karibu. Sisi ni ndugu wa taabu moja. Kwangu hapa Malaba, ambapo malori ya kwenda Uganda huunguruma kabla jogoo hajawika, mwenye boma kwa jina ni mimi. Kwa vitendo ni Malkia, ng'ombe wangu. Maziwa yake ndiyo karo, ndiyo sukari, na hesabu yote iko kwa mke wangu Mama Nekesa, tunayemwita Waziri wa Fedha kwa sababu hata nauli ya boda boda haitoki bila maelezo.

Halafu yuko mama yangu. Watoto wanamwita Kukhu, mimi namwita Mkaguzi. Akiamka hasalimii mtu. Anakwenda zizini, anatazama kinyesi, anatazama kama Malkia anacheua, anaweka kiganja ubavuni, ndipo anarudi kuuliza tumelalaje. Waziri hulalamika kwamba ng'ombe anajuliwa hali kabla ya mkwe. Miaka yote nimemtetea Mkaguzi kwa hilo, nami sijashinda kesi hiyo hata mara moja.

Mvua za Aprili zilipokolea, kijana wetu Profesa, ambaye hapokei agizo bila kuuliza "kwa nini", alitumwa kukata nepia. Nepia iko ng'ambo ya kijito. Marando na kunde ziko nyuma ya jiko. Profesa alifikiri, akakata za karibu, zikiwa changa na zimelowa umande, akampa Malkia aliyeamka na njaa. Kunde zenyewe zilikuwa za Kukhu, lakini kesi hiyo iliahirishwa, maana muda si mrefu tulisikia Mkaguzi akipiga ukelele: "Ubavu wa kushoto!"

Tumbo kubwa la ng'ombe liko upande huo, na majani humo huchachuka na kutoa gesi mchana na usiku. Mnyama mzima huitoa kwa kucheua na kupiga mbweu. Majani machanga ya jamii ya kunde hutoa povu, gesi ikanaswa ndani, mbweu zikakoma. Malkia alikuwa amefura hadi shimo la ubavuni limetoweka, ukigonga panalia kama ngoma. Alikuwa analala na kuamka, anajipiga tumbo kwa mguu, anahema. Tumbo likiendelea kusukuma mapafu, ng'ombe anaweza kufa kwa saa chache, hata chini ya hapo.

Ukoo ukafika na tiba zake. Mmoja alitaka soda ya chupa. Jirani alikuja na kisu, tayari kutoboa, Waziri akasimama mbele ya ng'ombe na mwiko mkononi. Shemeji yangu, tunayemwita Forodha kwa sababu huhoji kila mtu kama yuko pale mpakani, akaanza: amekula nini, saa ngapi, kabla ya hapo alikula nini? Watu wakamkemea. Nilipompata daktari wa mifugo kwa simu, aliuliza maswali hayo hayo. Akaongeza moja: anatoa mate mengi na kunyoosha shingo? Kama ndiyo, huenda embe au kipande cha muhogo kimekwama kooni, msimnyweshe kitu. Haikuwa hivyo.

Basi mafuta ya saladi yakatolewa, nusu lita, yale Waziri aliyoyaweka kwa chapati za Jumapili. Mafuta huvunja povu. Tulimnywesha polepole, kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo tu, ulimi haujavutwa, kwa kuwa yakiingia mapafuni umeua kwa njia nyingine. Tukamsimamisha miguu ya mbele ikiwa mlimani, tukamfunga kijiti mdomoni atafune mate yamtoke. Daktari alifika na mpira wake wa tumboni. Kutoboa ni kazi yake, kwa chombo chake, mambo yakishindikana. Malkia alipopiga mbweu ya kwanza, Kukhu alishangilia. Jumapili hatukula chapati.

Jioni daktari alituonya pia kuhusu mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini mifuko hiyo, kaveera, bado inavuka kutoka ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe wanaozurura sokoni wanaimeza. Aliyeimeza hufura, akapona, akafura tena, huku akikonda. Hakuna mafuta wala dawa ya kuyeyusha plastiki, ni upasuaji. Na mahindi yanayoanikwa kwenye turubai, ng'ombe akiyavamia, tumbo hujaa asidi, kinyesi kikawa maji yenye harufu ya uchachu, akayumba. Huyo naye ni wa daktari, upesi.

Siku hizi Malkia hupewa nyasi kavu kwanza, na marando hunyaushwa juani kabla ya kufika zizini. Profesa ameuliza kwa nini, Kukhu amemjibu.

Ndugu yangu, mvua zitarudi. Andika namba ya daktari wa mifugo wa wadi yako ukutani, na kila asubuhi utazame ubavu wa kushoto.