Hiyo Kompyuta Iniamkie

Ndani ya kompyuta ya mpwa wangu mvua hainyeshi. Humo kiwanja changu ni tambarare kama sinia, hakina kisiki, hakina ng'ombe wa jirani, na saruji haigandi hata ukiisahau mwaka mzima. Kiwanja chenyewe, kile cha duniani, kipo Iyunga kwenye mteremko, si mbali na kituo cha Tazara. Mvua za Mbeya zikishaanza Novemba haziulizi kama umeshamwaga zege.

Iyunga haikosi vijana wenye kompyuta mgongoni, maana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko papa hapa. Ukoo wetu nao umejaliwa mmoja. "Mjomba, usijenge kwa kubahatisha," akaniambia. "Nyumba yako tutaijenga kwanza kwenye programu ya Revit. Ikikubali humo, ndipo tushike sururu."

Akanionyesha maajabu. Unasimamisha nguzo, unabofya kitako cha msingi, nacho kinakwenda chenyewe kushika mguu wa nguzo. Unachora ukuta, unaambia msingi uufuate, unaufuata hadi kwenye kona bila kudai nauli. Ukimaliza unaomba jedwali, na programu inakupangia kila kitu: aina ya kitako, urefu, upana, unene, idadi na ujazo wa zege. Vya kwangu viliitwa F1, meta 1.2 kwa 1.2, unene meta 0.3. Nilifurahi mno. Sijawahi kuona hesabu za ujenzi zisizoambatana na ombi la advansi.

Fundi mkuu hakufurahi. Kwake yeye kitako ni besi, na besi huonekana ukiwa umesimama ndani ya shimo. Mpwa wangu akampa shikamoo ya adabu, akaweka kompyuta juu ya mfuko wa saruji na kuanza kuisifia. "Mzee, hii programu inaheshimika. Ipo tangu mwaka 2000."

"Mimi nimeshika mwiko kabla ya hapo," fundi akajibu. "Basi na hiyo kompyuta iniamkie."

Ugomvi ulianzia kwenye idadi. Jedwali lilisema vitako 22. Fundi akatembea kati ya vigingi akinyoosha kidole, akapata 18. Kibarua akahesabu, 18. Mke wangu, ambaye alikuja tu kuleta uji, akahesabu, 18. Kompyuta ikaulizwa upya, ikashikilia 22. Fundi akasema pengine vinne vimejengwa kwa jirani, twende tukavidai.

Wakati huo kirikuu kilishashusha saruji kwa hesabu ya 22. Kila F1 inakula zege meta za ujazo 0.432, hivyo vinne hewa vilikuwa vimeagiziwa 1.728. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, hiyo ni kama mifuko 11 ya kilo 50. Baridi yetu ina unyevu, na saruji ikilala vibaya huamka jiwe. Kwa hiyo mifuko ile ikahamia chumbani kwetu, juu ya mbao, mbali na ukuta. Mke wangu aliiita "wageni wako", na kila jirani aliyepita akawa na ufa nyumbani kwake unaohitaji mfuko mmoja tu, wa kuazima.

Siri ilikuja kufichuka. Nguzo nne za baraza zilikuwa zimenakiliwa juu ya zenyewe. Jicho linaona nguzo moja, jedwali linaona mbili, na kila moja imevaa kitako chake. Programu haikunyamaza. Ilitoa tahadhari kwamba kuna vitu viwili mahali pamoja na kwamba vitahesabiwa mara mbili. Kijana aliiona, akaifunga, akaendelea na kazi. Tahadhari duniani kote husomwa baada ya hasara.

Wiki iliyofuata mke wangu akasema jiko ni dogo, ukuta wa stoo uondoke. Mpwa akaubofya, akaufuta. Msingi wa chini yake nao ukatoweka saa ileile, maana kwenye programu hiyo msingi wa ukuta unaishi kwa hisani ya ukuta. Jedwali likajirekebisha lenyewe. Tatizo ni kwamba uwanjani mtaro wa ukuta huo ulishachimbwa, na mawe yamepangwa. Fundi akaiinamia kompyuta, akauliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, nami nikigusa hapa, mtaro utajifukia?"

Kisha kona ya bondeni ikaleta yake. Vibarua walichimba hadi kina cha meta moja, wakakuta bado udongo laini. Huku kwetu volkano za kale za Rungwe na Ngozi zilimwaga majivu bila kufikiria wajenzi. Ikaamuliwa kuchimba hadi ardhi ngumu na kupanua kitako hicho kimoja kiwe meta 1.5. Mpwa akabadilisha kipimo cha F1. Vyote 18 vikanenepa kwa pamoja, kwani jina lao ni moja, na zege likapanda kutoka meta za ujazo 7.776 hadi 12.15. Nilishika kichwa. Kijana akacheka, akakipa kile cha kona jina lake, F2, na ndugu zake wakarudi kwenye miili yao.

"Mjomba, lazima tuwe makini na misingi," akajitetea. "Desemba 13, 1910, tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga upande wa Rukwa."

"Nyumba za wakati huo zilikuwa za miti," fundi akadakia. "Zilijua kucheza." Halafu akachukua mpira wake wa maji, akaanza kupima usawa wa kona hadi kona. Mpira huo hauhitaji chaji.

Nimewasikiliza wote wawili, na sioni aliyesema uongo. Jedwali huhesabu kilichochorwa, fundi huhesabu anachokikanyaga. Heri wagombane mapema, kabla ya zege, kwani zege likishakauka ugomvi unabaki kati ya mwenye nyumba na nyufa zake.

Sasa jedwali letu lina safu mpya, "kina halisi". Mpwa analichapisha steshenari, na fundi anaijaza safu hiyo kwa penseli akiwa shimoni. Fundi naye amedai safu ya chai na chapati kwa kila mtu kwa kila siku. Imewekwa, inajijumlisha yenyewe, na ndiyo safu pekee ambayo hajawahi kuihakiki kwa kidole.