Namna ya Kuharibu Sauti ya Gita Ukiwa Mwisho wa Reli

Kigoma watu wanapenda gita safi. Ng'ambo ya ziwa kuna Kongo, na Kongo ndiyo iliyotuzoesha kwamba kila noti ya solo isikike yenyewe, hata mzee aliyekaa nje ya baa Mwanga aweze kuinua kidole na kusema, "Hapo kijana amekosea." Sasa wewe unataka gita linalokoroma. Hongera. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako na wengine wote ambao ndoa haiwangojei.

Hatua ya kwanza ni kutafuta wa kumsingizia, maana wazazi watauliza umeyatoa wapi haya. Elekeza kidole kusini. Miaka nenda rudi MV Liemba imekata maji hadi Mpulungu, na huko Zambia ndiko walikozuka WITCH, Amanaz na Ngozi Family, vijana wa miaka ya 1970 waliopitisha gita kwenye kidude cha kukwaruza hadi muziki wao ukaitwa Zamrock. WITCH walitoa Lazy Bones!! mwaka 1975. Wakati huo huku kwetu Mbaraka Mwinshehe alikuwa na Super Volcano, na gita lake lilikuwa limepigwa pasi. Ziwa moja, masikio mawili. Mizigo ilipanda na kushuka melini, kidude hakikuletwa, na mpaka leo hakuna aliyefungua shauri.

Vifaa. Usikimbilie kuagiza Dar es Salaam wakati Ujiji imejaa redio zilizokufa, zinazokaa juu ya kabati chini ya kitambaa cha kudarizi kwa heshima ya marehemu aliyezinunua. Ingia kwa adabu: "Shikamoo bibi. Naomba redio ya babu nikaifanyie utafiti." Neno utafiti lina nguvu kuliko neno kubomoa. Ndani yake utapata transista ndogo ya miguu mitatu, rezista za kila rangi, na ukibahatika dayodi mbili ndogo za kioo. Betri ya volti 9 utanunua. Bredibodi pia utanunua: kile kibao cha plastiki chenye matundu, ambacho unachomeka vitu bila kulehemu, ili ukikosea uchomoe na kukosea upya.

Kisome kibao kabla ya kukichokonoa. Matundu yake yameunganishwa kwa ndani matanomatano, na mfereji wa katikati unatenganisha upande na upande. Wanaoanza huchomeka miguu yote mitatu ya transista kwenye safu moja ya matano, kisha hukaa kusubiri. Hakitatokea kitu. Mzee wa Mwanga atasema hiyo ndiyo sauti nzuri kuliko zote ulizowahi kutoa.

Miguu yenyewe ina fitina. Ukiigeuza BC547 ikuangalie kwa bapa lake, kuanzia kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 inataka kinyume chake: emita, besi, kolekta. C945, ambayo utaikuta sana kwenye redio za zamani, imeamua kuweka besi mwishoni: emita, kolekta, besi. Usiulize kwa nini. Soma namba iliyoandikwa kifuani, na kama imefutika, jaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine huku ukisali.

Sasa chomeka. Kolekta iende kwenye chanya kupitia rezista ya kilo-omu 10, yaani kahawia, nyeusi, chungwa. Emita iende kwenye hasi kupitia omu 390. Besi ikae katikati ya rezista mbili: 470 kutoka chanya, 47 kwenda hasi, zote za kilo-omu. Gita liingie kwenye besi kupitia kapasita iliyoandikwa 104, na sauti itoke kwenye kolekta kupitia 104 nyingine. Hasi ya gita, ya betri na ya amplifaya zikutane pamoja. Mpangilio huu ni ndugu wa LPB-1, kikuza sauti ambacho Electro-Harmonix wa New York walianza kukiuza mwishoni mwa miaka ya 1960. Gawanya 10,000 kwa 390: unapata kama 25. Gita linalotoa sehemu ya kumi ya volti linatoka na volti mbili na nusu. Hapo bado hujaharibu kitu, umepiga kelele tu.

Uharibifu wenyewe unafanywa na dayodi mbili. Ziweke sambamba baada ya kapasita ya kutokea, kwenda hasi, moja ikitazama juu na nyingine chini. Kila wimbi likipanda kupita takriban volti 0.6, dayodi ya silikoni inafunguka na kukimwaga kilele chini, na wimbi likishuka mwenzake anafanya hivyo hivyo. Linalobaki ni wimbi lenye kichwa bapa, kama kurutu aliyetoka kwa kinyozi wa kambini, na bapa hilo ndilo sikio linaloliita mkwaruzo. Dayodi za jemaniamu huanza kukata mapema, kwenye 0.3 hivi, na hukata kwa huruma kidogo. Taa nyekundu ya LED husubiri mpaka karibu 1.8. Badilisha, sikiliza, badilisha tena. Kuchomoa hakugharimu kitu.

Kuhusu umeme: ule wa ukutani usiuguse kabisa, maana huo utakukata kilele wewe. Betri ya volti 12 ya taa za dagaa itafanya kazi, ila ukigusanisha waya vibaya zitayeyuka, na mwenye betri ataihitaji jioni kuwahi mwalo wa Kibirizi. Kama lazima uazime, azima siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wengi wa dagaa hawatoki.

Wapo watakaokwambia huu si utamaduni wetu. Waulize harusi ya mwisho waliyohudhuria spika zilikuwaje. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks, huko London, ilibidi achane koni ya spika yake kwa wembe ili apate sauti chafu. Sisi spika zetu hufika ukumbini zikiwa zimeshachanika, na mshereheshaji bado anaongeza volyumu. Kinshasa, Mawangu Mingiedi na Konono No. 1 walifunga sumaku za vyuma chakavu vya magari kwenye likembe, mkwaruzo ukaingia bila kualikwa, wao wakauachia uketi, na dunia ikalipa kiingilio kuusikiliza. Nashville mtambo wa studio uliharibika katikati ya kurekodi wimbo wa Marty Robbins uliovuma mwaka 1961. Mwaka uliofuata Gibson wakawa wanauza kiboksi cha kuigiza ubovu ule. Tofauti yetu na wao ni kwamba sisi tunautoa bure na hakuna anayetuandika.

Ukikwama, usione haya kuacha. Mji huu una mfano mkubwa: Wajerumani walileta meli yao kutoka Papenburg ikiwa vipande ndani ya masanduku kama 5,000, wakaiunganisha hapa Kigoma, wakaizindua 1915, na mwaka uliofuata wakapaka mitambo grisi na kuizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua 1924, na ndiyo hiyo Liemba. Nawe paka grisi, funika, mrudishie bibi redio yake.

Ila ukifanikiwa, gita likanguruma mpaka kuku wa jirani wakahama, cheza popote upendapo isipokuwa karibu na kibanda cha fundi redio. Akisikia mkwaruzo ule atakuhurumia, atafungua, atazitoa dayodi zote mbili, na atakudai pesa ya matengenezo.