Pisini Imevaa Kabuti

Wapo wakubwa wa vila hapa Kolwezi, Kongo, waliokwisha kuamua kwamba pisini zao za kuogelea lazima zilazwe kwa majira ya baridi, kama za jamaa zao wa Montreal. Kule Kanada kazi hiyo ina sababu: maji yakiganda hujitanua kwa asilimia 9 hivi na kupasua mabomba. Kwa hiyo mwenye nyumba hukodi kompresa, akapuliza mabomba mpaka viputo viruke pisinini, akaziba matundu kwa vizibo vya mpira, akamimina dawa ya kuzuia kuganda. Fundi haitwi.

Hapa tuko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi ya Juni tunatafuta makabuti, sikatai. Ila barafu tunaijua ya ndani ya friji, tena siku shirika la umeme, SNEL, likiwa na moyo mweupe. Mabomba yetu ugonjwa wao ni ukavu. Mto Lualaba una mtambo wa umeme pale Nzilo tangu miaka ya 1950, na bado mama anapita alfajiri na bidoni la maji kichwani, kando ya ukuta ambao nyuma yake kompresa inafukuza maji mabombani.

Mkubwa akipenda sana kukausha, aende mgodi wa KOV: machimbo ya Kamoto, Oliveira na Virgule yaliyokuja kuwa shimo moja, likafurika, pampu zikahangaika miaka kulikausha. Pisini ya kujifanyia mwenyewe ndiyo ile. Vizibo vya mpira aje navyo.