Kelele Si Nguvu za Farasi

Katika gari la zamani la michezo, hakuna sehemu inayoteswa kwa mapenzi kama njia ya hewa ya injini. Chukua Datsun 240Z, gari lililowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973. Lilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi, zilizofungiwa kisanduku cha bati chenye chujio, kile ambacho gereji hukiita ea klina. Mwenye kulinunua leo, gari likiwa na umri wa babu, huanza kwa kukitupa kisanduku hicho. Kina kutu, tena kinaificha injini mbele ya wageni. Anafunga vichujio viwili vinavyong'aa, au tarumbeta za alumini zisizo na chujio kabisa, kisha anapiga starti. Gari linanguruma kama simba. Likifika mlimani, linakohoa kama mbuzi.

Dai langu ni kwamba ukarabati wa njia ya hewa ni kazi ya kurudisha, na kwamba uharibifu mwingi huletwa na mtu anayeboresha. Hesabu ipo. Injini ile ina sentimita za ujazo 2,393, na kila silinda huvuta pumzi mara moja katika mizunguko miwili. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, ikijaa sawasawa, inameza takriban lita 7,000 za hewa kila dakika. Lakini hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 3 kila joto linapopanda nyuzi 10, na katika injini hii manifoldi ya moshi imekaa chini ya kabureta, upande ule ule. Kisanduku kile kibaya kina mdomo unaovuta hewa ya mbele. Ukikitoa, umeiambia injini ivute pumzi juu ya jiko la mkaa. Halafu kuna vitundu. Kabureta za SU za Uingereza, ambazo za Hitachi ni binamu zake, zina vitundu vidogo kwenye uso unaofungiwa chujio, vya kupitisha hewa chini ya pistoni ya kabureta yenyewe. Geuza gasketi ya chujio jipya juu chini, vitundu vimezibwa, pistoni haipandi ipasavyo, na mwenye gari anaagiza plagi mpya, nyaya mpya, hata pampu mpya ya mafuta. Gasketi hakuna anayeishuku. Ni karatasi tu.

Mtu atauliza: mbona magari ya mashindano hayana kisanduku? Ya mashindano yana mafundi wanaofungua injini kila baada ya pambano, na tajiri wa kulipa. Gari la Jumapili linatakiwa limpeleke mwenyewe harusini na limrudishe, likila vumbi njia nzima. Tena kabureta ikipiga chafya, chujio husaidia kuzuia mwali wake usitoke nje. Tarumbeta huupa njia. Nakubali kwamba injini iliyobadilishwa kamshafti na kutanuliwa matundu ya kuingiza hewa itabanwa na kisanduku cha kiwandani, ila hiyo ni injini nyingine yenye bili nyingine. Nakubali pia kwamba mlio ni mtamu. Utamu huo ndio unaodanganya, kwani sikio hupima kelele na mguu huamini sikio. Debe tupu haliachi kuvuma, sembuse ukilipa silinda sita.

Kazi yenyewe ya kurudisha haina picha nzuri ya kuonyesha watu. Ni kusugua utando wa petroli iliyokauka, kubadilisha mipira iliyopasuka, na kutafuta hewa ya wizi inayopenya kwenye gasketi za manifoldi na kwenye ekseli za kabureta zilizolika. Hewa ya wizi haijapimiwa petroli, kwa hiyo injini hutetemeka gari likiwa limesimama, na fundi asiye na subira huongeza petroli mpaka moshi uwe mweusi. Basi kabla hujanunua tarumbeta, fungua kifuniko kidogo kilicho juu ya kabureta, toa kijiti chake, uangalie kama kimelowa oili. Bila oili hiyo, pistoni huruka ghafla unapokanyaga mafuta, na gari hujikwaa. Chupa ndogo ya oili nyepesi inatosha miaka.