Nilikimbia Mlima, Mlima Ukanitangulia

Wormeldange, Luxembourg



Mjomba, uliponisindikiza stendi ya Mombo ulisema, "Katafute kazi ya tambarare, hii milima itatumaliza." Basi nimevuka bahari hadi nchi ambayo wilaya yetu ya Lushoto, ukiihesabu pamoja na Bumbuli, inaizidi kwa ukubwa. Ina mtawala wa ukoo, kama Simba Mwene wa Washambaa alivyokuwa Vuga. Na kibarua nilichopata kiko mlimani. Nachuma zabibu.

Ukanda wao wote wa mvinyo, tangu Schengen hadi Wasserbillig, ni kilomita 42 kando ya mto Moselle: Mombo hadi Lushoto, na chenji inabaki. (Schengen ndiyo hiyo hiyo ya viza. Kijiji tu! Mkataba ulisainiwa mwaka 1985, tena ndani ya meli.) Ng'ambo ya mto ni Ujerumani, wale walioiita Lushoto Wilhelmstal. Mashamba yamening'inia mteremkoni, yamezuiwa kwa kuta za mawe. Matuta, mjomba! Babu aligombana na Mwingereza miaka ya 1950 asilimishwe matuta. Mjukuu kayafuata kwa nauli.

Zabibu za Crémant, mvinyo wao wa povu, haziruhusiwi kuvunwa kwa mashine. Ni shada kwa shada, kwa mkono. Wenzangu wanalia magoti. Mimi napanda na kreti kama napeleka kabichi kwenye Fuso. Msimamizi akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia, kwa mjomba.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Mwisho wa wiki watu huja kuonja mvinyo. Wanazungusha glasi, wananusa kama mtu anayeyashuku maziwa ya jana, wanasukutua, halafu wanatema. Kwenye ndoo! Nilikukumbuka siku ile dumu la dengelua, pombe yetu ya miwa, lilipopinduka, ukanuna hadi Ijumaa. Mwenye shamba akanieleza kwamba wakimeza yote, pipa la sita hawalioni. Sikuridhika. Labda ule wa zabibu za Elbling, ambao wenyewe wanasema ni mkali kama ndimu. Huo kuutema naelewa. Mimi, kabla hujauliza, nilipewa juisi.

Mama akitaka kujua kazi yangu, mwambie nachuma matunda. Akiuliza matunda gani, mjomba, anza habari za mvua.