AC ya Gari Haipoozi? Hesabu Kutoka Sita Kabla ya Kujaza Gesi

Jua la Februari Dar es Salaam halina huruma, na foleni ya Mwenge haina haraka. AC ikianza kupuliza joto, madereva wengi humwambia fundi neno moja tu: "Nijazie gesi." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Zamu ya gesi ni ya mwisho.

6. Kitufe. Ukiruhusu hewa ya nje, unaiomba AC ipooze Kinondoni nzima. Weka ile alama ya mshale unaozunguka ndani ya gari.

5. Filta ya hewa. Upepo ni wa baridi ila hafifu? Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya abiria. Ukikuta imeota vumbi na majani, iache ipumzike, nunua mpya.

4. Feni ya kondensa. Gari likikimbia unapata baridi, likisimama kwenye taa unaloa jasho: ugonjwa umejitaja wenyewe. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, hutoa nje joto lililobebwa na gesi, na gari likisimama hutegemea feni. Washa AC, fungua boneti, tazama. Haizunguki? Anza na fyuzi, halafu rilei, halafu mota. Mkono ukae mbali. Feni huamka bila hodi.

3. Klachi ya kompresa, pampu inayosukuma gesi. Washa AC, usikilize "tak!" Kimya? Huenda umeme haufiki, au swichi ya presha imeizuia kwa kukosa gesi. Shukuru: mafuta ya kompresa husafiri na gesi hiyo, na bila gesi ingezunguka kavu.

2. Maji chini ya gari. Hayana kosa, ni unyevu wa hewa. Anayekupigia honi kukuonya, mpungie mkono, twende.

1. Gesi. Haichomwi kama petroli, huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikiisha ndani ya mwezi, kuna tundu, na anayejaza bila kulitafuta anakuuzia baridi ya mwezi mmoja. Alama za mafuta kwenye maungio na povu la sabuni huonyesha pengo. Likizibwa, pampu ifyonze hewa na unyevu, kisha gesi ipimwe kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Ikizidi nayo haipoozi! Tena gesi ya R134a, inayotumika kwenye magari mengi yetu, hupasha dunia joto takribani mara 1,430 kuliko kaboni dioksidi; ndiyo maana mataifa yalikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi za jamii hiyo. Basi muulize fundi: "Tundu liko wapi?" Akikuonyesha kwa kidole, mwachie funguo.